Siena, mji wa kale wa Italia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ndugu au rafiki anayepanga safari ya Italia hunipigia simu kabla hajakata tiketi, na maswali ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa. Nauli, viingilio na saa za kufungua hubadilika kila msimu, kwa hiyo hayo yahakikishe mwenyewe siku chache kabla ya kuondoka.

Siena iko wapi, na kwa nini niende huko badala ya kubaki Roma au Florence?

Iko katika mkoa wa Toscana, yapata kilomita 70 kusini mwa Florence, juu ya vilima vitatu vinavyokutana. Wakazi wake ni kama 53,000, na sehemu ya kale imezungukwa na ukuta na malango hadi leo. Mwaka 1995 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Sikwambii uache Roma. Ila ukiwa na siku mbili za ziada, zipeleke Siena. Miji mingi ya kale imebaki majengo tu: watu wamehama, nyumba zimekuwa hoteli, na anayekuuzia kahawa anaishi kilomita ishirini nje. Siena ina watalii wengi pia, lakini bado ina wenyewe. Utaona bendera ya mtaa juu ya mlango wa nyumba, utasikia vijana wakifanya mazoezi ya ngoma uchochoroni, utamkuta mzee amevaa skafu yenye rangi alizozaliwa nazo. Hayo hayafanyiki kwa ajili yako wala kwa ajili yangu, na ndiyo sababu yananivuta.

Imekuwaje mji mzima ukabaki kama ulivyokuwa miaka 700 iliyopita?

Kwa sababu uliporomoka ukiwa kwenye kilele chake.

Katika karne ya 13 Siena ilikuwa jamhuri tajiri, ya mabenki na wafanyabiashara, na barabara ya mahujaji waendao Roma, iitwayo Via Francigena, ilipita katikati yake. Tarehe 4 Septemba 1260 jeshi lake liliishinda Florence kwenye vita vya Montaperti, na hadi leo watu wa Siena huvitaja kama vitu vya juzi. Kuanzia 1287 hadi 1355 mji uliongozwa na baraza la watu tisa, wengi wao wafanyabiashara, waliobadilishwa kila baada ya miezi miwili. Karibu kila kitu utakachokuja kukitazama kilijengwa au kukamilishwa chini ya hao Tisa.

Kisha mwaka 1348 ikaja tauni. Yawezekana nusu ya watu walikufa ndani ya miezi michache. Mwandishi wa habari za mji, Agnolo di Tura, aliandika kwamba aliwazika watoto wake watano kwa mikono yake mwenyewe. Ujenzi ukasimama, biashara ikayumba, na serikali ya Tisa ikaangushwa. Mwaka 1555, baada ya kuzingirwa kwa miezi mingi na kushindwa na njaa, Siena ilisalimu amri, na baadaye ikatiwa mikononi mwa ukoo wa Medici, watawala wa Florence. Watawala hao wapya hawakuwa na haja ya kuupanua mji wa mahasimu wao. Hapakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, basi mji ukabaki ulivyo. Unachokiona leo kimehifadhiwa na msiba.

Nikae siku ngapi?

Usiku mmoja angalau, na kama unaweza, mbili. Mabasi ya watalii huwasili kuanzia saa nne asubuhi na kuondoka jioni. Anayekuja kwa saa tatu huona migongo ya wenzake na kurudi akisema mji umejaa. Aliyelala ndani ya ukuta huamka saa kumi na mbili, akatoka kwenye uwanja mkuu pasipo mtu ila wafagizi na njiwa, na jua likipanda juu ya matofali mekundu.

Ukilala huko, jiandae kulipa tozo ya wageni kwa kila usiku. Hulipwa kwenye nyumba ya kulala wageni, mara nyingi nje ya bei uliyokwisha kulipa kwenye intaneti. Si utapeli, ni sheria ya manispaa.

Nina pasipoti ya Tanzania (au Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo). Nahitaji viza?

Ndiyo. Italia imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo unaomba viza ya Schengen ya muda mfupi, inayokuruhusu kukaa hadi siku 90 katika kila siku 180. Tangu Juni 2024 ada kwa mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi hata ukinyimwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya. Bima ya safari iwe ya kiasi kisichopungua euro 30,000.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usisubiri huo mwisho. Miadi ya kupeleka karatasi hujaa mapema, hasa kabla ya Julai na Agosti, na wengi ninaowajua waliokosa safari hawakukosa kwa kunyimwa viza, walikosa kwa kukosa miadi. Wanaoishi kihalali Oman, Imarati au kwingineko huomba viza huko wanakoishi, hawalazimiki kurudi nyumbani. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi yoyote ya Schengen anasafiri kwa kibali hicho pamoja na pasipoti.

Nikishatua Italia, nafikaje Siena?

Kutoka Afrika Mashariki wengi hupitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul na kutua Roma. Kutoka Roma kuna mabasi ya moja kwa moja kutoka stesheni ya Tiburtina, mwendo wa saa tatu hivi. Kwa treni utabadilisha njiani, mara nyingi Chiusi.

Kutoka Florence una njia mbili. Treni huchukua kama saa moja na nusu, na nyingine hukutaka ubadilishe Empoli. Basi la haraka huchukua saa moja na robo hivi. Mimi huchagua basi, kwa sababu moja: stesheni ya treni iko bondeni, ilhali basi hukushusha juu, karibu na lango la sehemu ya kale. Ukija kwa treni usikate tamaa na mizigo yako. Mbele ya stesheni kuna jengo la maduka, na ndani yake kuna mfululizo wa ngazi za umeme zinazokupandisha hadi karibu na lango la Camollia.

Ukinunua tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa, igonge kwenye kimashine kilichopo jukwaani kabla hujapanda. Tiketi isiyogongwa huhesabiwa kama huna tiketi, na faini hailingani na nauli.

Je, nikikodi gari?

Gari ni zuri kwa vijiji vya jirani na mashamba ya mizabibu ya Chianti, ila si kwa kuingia Siena. Mji huu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza Italia kuyafukuza magari katikati, tangu miaka ya 1960. Mitaa ya ndani imewekewa kamera zinazosoma namba za magari, na alama yake ni kibao chenye herufi ZTL. Ukipita bila kibali hakuna askari atakayekusimamisha. Barua ya faini hufika miezi kadhaa baadaye kupitia kampuni uliyokodi, na ukipita mara tatu ni faini tatu. Egesha nje ya ukuta, kisha tembea.

Nimesikia kuna mitaa inaitwa Twiga, Nungunungu na Kobe. Ni kweli?

Kweli kabisa, na hapa nitakaa kidogo, maana bila kuelewa jambo hili utakuwa umeona mawe tu.

Sehemu ya kale imegawanyika katika mitaa 17, kila mmoja ukiitwa *contrada*. Mipaka yake inafuata amri iliyotolewa mwaka 1729 na mtawala Violante Beatrice wa Bavaria, na haijasogezwa tangu hapo. Kila mtaa una jina, rangi, kanisa, makumbusho, chemchemi yake ya kubatizia, wimbo, na mara nyingi hasimu wake wa jadi. Mtoto hubatizwa kanisani kama Mkristo, kisha hubatizwa tena kwenye chemchemi ya mtaa kama mwana wa mtaa. Huo uanachama ni wa kufa na kuzikana. Mtaa hulea vijana, huangalia wazee, hufanya karamu barabarani. Anayetoka Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu hapo.

Kinachotushangaza sisi ni wanyama. Upo mtaa wa Twiga (Giraffa), wenye rangi nyeupe na nyekundu, karibu na kanisa la Provenzano. Mtaa wa Mnara (Torre) una nembo ya tembo aliyebeba mnara mgongoni. Mtaa wa Msitu (Selva), nyuma ya kanisa kuu, nembo yake ni kifaru amesimama chini ya mti. Wako pia Nungunungu, Kobe, Konokono, Bundi, Kiwavi, Bata Bukini, Chui, Mbwamwitu, Tai, na mtaa wa Wimbi wenye nembo ya pomboo. Walioviweka viumbe hivyo kwenye bendera zao wengi hawakuwahi kumwona twiga wala kifaru hata siku moja. Mtoto wa Mto wa Mbu, jirani na mbuga za Tanzania, amewaona kwa macho yake. Binti ya dada yangu aliposimama chini ya bendera ya Twiga aliuliza kama hapa kuna watu wa kwetu, na mzee mmoja wa mtaa ule, nilipomtafsiria, alicheka hadi akamwagikwa machozi. Akaenda ndani kumletea skafu.

Mipaka utaitambua kwa vibao vidogo vya kauri ukutani na kwa taa zenye rangi za mtaa. Tembea ukivihesabu. Makumbusho ya mitaa hufunguliwa kwa miadi, na barua pepe ya adabu iliyotumwa wiki mbili kabla mara nyingi hujibiwa.

Palio ni nini hasa?

Ni mbio za farasi kuzunguka uwanja mkuu, Piazza del Campo, mara mbili kwa mwaka: tarehe 2 Julai kwa heshima ya Bikira Maria wa Provenzano, na tarehe 16 Agosti kwa sikukuu ya Kupalizwa kwake. Uwanja humwagiwa udongo wa manjano na kushindiliwa. Mitaa 10 tu hushiriki, kwa kuwa uwanja hautoshi yote 17: saba ambayo haikukimbia mbio za mwezi huohuo mwaka uliotangulia, na mitatu inayopatikana kwa kura. Farasi nao hugawiwa kwa kura, hivyo mtaa hauchagui mnyama wake. Wapanda farasi hukaa bila matandiko, wanazunguka mara tatu, na yote huisha ndani ya kama dakika moja na nusu.

Mshindi ni farasi, si mpandaji. Farasi akimwangusha mtu wake na kufika wa kwanza peke yake, mtaa umeshinda. Zawadi ni bendera ya hariri iliyochorwa, haina fedha ndani yake, na kwa ajili yake nimewaona wanaume wa miaka 60 wakikumbatiana na kulia kwa kwikwi.

Dakika hiyo moja na nusu hutanguliwa na siku nne. Kuna mazoezi sita uwanjani, asubuhi na jioni. Usiku wa kuamkia siku yenyewe kila mtaa hutandaza meza ndefu barabarani na kula pamoja, na baadhi ya mitaa huuza nafasi kwa wageni. Mchana wa mbio, farasi huingizwa ndani ya kanisa la mtaa na padri humbariki kwa kumwambia: nenda, urudi mshindi. Kanisa zima hukaa kimya ili asishtuke. Akiacha samadi mbele ya altare, watu hufurahi, ni dalili ya heri.

Naweza kuutazama Palio bila kulipa?

Unaweza. Katikati ya uwanja ni bure, unasimama. Viti vya pembeni na madirisha ya nyumba hulipiwa, na bei zake ni kali sana.

Fikiri vizuri kabla ya kuchagua bure. Utaingia saa kadhaa kabla, malango yatafungwa, hutatoka hadi mbio ziishe, hakuna choo, hakuna kivuli, na jua la Julai huko ni la kuunguza. Usimpeleke mtoto mdogo, mjamzito wala mzee. Kwao, na hata kwako, mazoezi ya siku zilizotangulia ni bora: farasi walewale, nyimbo zilezile, msongamano nusu yake. Vyumba vya kulala kwa siku hizo huwekwa miezi mingi kabla.

Je, si ukatili kwa farasi?

Swali hili ni la haki na Waitaliano wenyewe hulibishania. Farasi wameumia na wengine wamekufa, hasa kwenye kona kali ya San Martino, na watetezi wa wanyama wanataka mbio zikomeshwe. Kwa upande wa mji, kona hiyo huwekewa magodoro, farasi hupimwa na madaktari wa mifugo, na siku hizi hutumiwa farasi wa damu mchanganyiko wenye mifupa imara zaidi. Mimi nimeutazama Palio na nimeguswa. Nimetazama pia farasi akianguka, na sijarudi uwanjani siku ya mbio tangu hapo. Siku hizi naenda miezi mingine.

Nikiwa na siku moja, nianzie wapi?

Anza Piazza del Campo kabla ya saa mbili asubuhi. Umejengwa kama kombe la pwani au kama upepeo, ukiinama kuelekea jumba la serikali, na mistari ya mawe meupe huugawa sehemu tisa, kwa hesabu ya wale Tisa. Kaa chini, matofalini kabisa. Uelewe huo mwinamo kwa mwili wako.

Kisha uingie Palazzo Pubblico, jumba lililoanza kujengwa 1297 na ambalo sehemu yake ni ofisi za manispaa hadi leo. Kama utalipia kitu kimoja tu Siena, kiwe hiki, kwa ajili ya chumba walimokutana wale Tisa. Mwaka 1338 na 1339 Ambrogio Lorenzetti alichora kuta tatu za chumba hicho. Upande mmoja ni mji unaotawaliwa vizuri: mafundi wanajenga paa, mwalimu anafundisha, mshona viatu yuko kazini, watu wanacheza barabarani, punda wanaingia langoni na mizigo, na nje ya ukuta mashamba yamelimwa hadi upeo wa macho. Upande wa pili ni utawala mbaya: dhalimu mwenye pembe amekaa kitini, Haki amefungwa kamba miguuni pake, nyumba zimebomoka, na karakana inayofanya kazi ni ya silaha.

Hawakuweka michoro hiyo sokoni ili kuwafunza wananchi adabu. Waliiweka chumbani mwao, mahali ambapo kila mjumbe, akiinua macho kutoka kwenye karatasi, angeona matokeo ya uamuzi wake. Nimetoka nchi ambayo ofisi za umma zina picha moja tu ukutani, ya mkubwa. Nilisimama pale karibu saa nzima. Miaka kama tisa baada ya rangi kukauka ilikuja tauni, na Ambrogio mwenyewe anaaminika kufa nayo.

Mnara ulio kando, Torre del Mangia, una urefu wa mita 88 na ngazi kama 400. Uliitwa kwa jina la utani la mpiga kengele wake wa kwanza, mtu aliyesifika kwa kula mapato yake yote. Ngazi ni nyembamba, idadi ya wanaopanda kwa wakati mmoja ina kikomo, na mvua ikinyesha hufungwa.

Na kanisa kuu?

Utaliona kwa mbali: marumaru nyeupe na nyeusi, mstari kwa mstari, rangi za bendera ya mji. Ndani, mimbari ya Nicola Pisano ilichongwa kati ya 1265 na 1268. Kwenye maktaba ya Piccolomini, Pinturicchio alichora maisha ya Papa Pius II kwa rangi ambazo bado zinawaka kama za jana.

Tazama na chini. Sakafu yote ni michoro ya marumaru, vipande 56, kazi iliyochukua karne kadhaa. Kwa sehemu kubwa ya mwaka hufunikwa isichakae, na hufunuliwa kwa muda mfupi tu, kwa kawaida kati ya katikati ya Agosti na Oktoba. Ukiweza, panga safari kwa hesabu hiyo.

Toka nje, geuka ulitazame kanisa, na upande wake wa kulia utaona ukuta mrefu usio na jengo nyuma yake. Mwaka 1339 Siena iliamua kujenga kanisa kubwa kiasi kwamba hili la sasa lingekuwa mkono wake tu. Tauni ikaizima kazi. Ukuta ule unapandika kwa tiketi ya pamoja ya majengo ya kanisa, na mandhari yake kwangu mimi inaushinda mnara, kwa sababu ukiwa juu yake unauona mnara wenyewe.

Mbele ya kanisa kuu iko Santa Maria della Scala, hospitali iliyopokea mahujaji, wagonjwa na watoto waliotupwa kwa karne nyingi na sasa ni makumbusho. Ukumbi wa mahujaji una michoro ya miaka ya 1440 inayoonyesha kazi zenyewe za hospitali: kuosha majeraha, kugawa mikate, kupokea watoto.

Mabega na magoti yafunikwe makanisani. Mwanamke mwenye khanga begani hana shida yoyote.

Mimi ni Mkatoliki, nataka kuhiji kwa Mtakatifu Katerina.

Alizaliwa hapa mwaka 1347, katika mtaa wa Bata Bukini, binti wa mpaka nguo rangi, na alifariki Roma 1380. Nyumba ya wazazi wake sasa ni mahali pa ibada, na kichwa chake kimehifadhiwa katika kanisa la San Domenico, hatua chache juu yake. Mwaka 1970 alitangazwa mwalimu wa Kanisa. Nenda asubuhi mapema, kukiwa na wanaosali tu.

Mimi ni Muislamu. Nitakula nini?

Kuwa macho, maana Toscana ni nchi ya nguruwe, na Siena ina jamii yake mashuhuri, mweusi mwenye mshipi mweupe kifuani. Nyama hiyo na mafuta yake huingia hata mahali usipotarajia, kama kwenye mikate bapa. Sema *senza maiale*, bila nguruwe, na *senza strutto*, bila mafuta yake. Divai nayo hutiwa kwenye michuzi mingi ya nyama, basi uliza.

Njaa haitakupata. *Pici*, tambi nene zinazofinyangwa kwa mkono, huliwa kwa mchuzi wa nyanya na vitunguu saumu. *Ribollita* ni supu nzito ya maharage, mboga na mkate mkavu, ingawa uulize kama imetiwa nyama. Msikiti mkubwa wa karibu ninaoufahamu uko Colle di Val d'Elsa, mji jirani upande wa Florence, uliofunguliwa 2013.

Mikahawa ya chakula hufunga jikoni kati ya saa tisa alasiri na saa moja jioni. Kwenye hesabu utaona neno *coperto*: ni malipo ya meza, ya kawaida kabisa. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni rahisi kuliko ukikaa.

Mama yangu ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Ataweza?

Ataweza kwa mpango. Mji wote ni kupanda na kushuka, na mawe ya barabarani hung'aa na kuteleza yakilowa. Chukua chumba karibu na Campo na uulize kabla kama jengo lina lifti, kwa kuwa mengi hayana. Teksi zinaruhusiwa kuingia ndani ya ukuta. Viatu viwe vya soli ya mpira.

Miezi gani ni mizuri?

Aprili hadi Juni mwanzoni, na Septemba hadi Oktoba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30. Januari ni baridi kali kwa aliyezoea Pwani, lakini vyumba ni rahisi, na ukungu ukipanda kutoka bondeni unaweza kuwa peke yako mbele ya michoro ya Lorenzetti.

Lugha itanisumbua?

Kwenye hoteli na makumbusho Kiingereza kinatosha. Ila jifunze salamu. Ukiingia dukani sema *buongiorno* kabla ya kuuliza chochote, na baada ya alasiri *buonasera*. Anayeanza na haja kabla ya salamu huonekana hana malezi, kama ilivyo kwetu.

Nirudi na zawadi gani?

*Panforte*: keki bapa, nzito, ya lozi, asali, maganda ya matunda yaliyopikwa kwa sukari, na viungo vingi. Onja ile nyeusi, yenye pilipili manga. Mpemba au Mwunguja ataitambua karafuu kabla hajamaliza kutafuna, ingawa karafuu za panforte ya kwanza zilitoka visiwa vya Maluku, mbali huko Asia, karne nyingi kabla ya mikarafuu kupandwa Zanzibar. Inakaa miezi bila kuharibika na haivunjiki ndani ya begi. *Ricciarelli*, biskuti laini za lozi, ni tamu zaidi kwa watoto lakini hukauka upesi, hivyo zinunue siku ya mwisho, asubuhi, ukielekea kituo cha basi.